PCOS: Kwa nini "vivimbe" vya ovari si ugonjwa wenyewe, na utafiti wa homoni unafichua nini

Wanawake wengi wamepimwa kwa ultrasaundi na kuambiwa kwamba ovari zao zina "vivimbe". Aghalabu mwanamke hutoka katika chumba cha daktari akiamini kwamba kuna kitu kimeota tumboni mwake ambacho hakina budi kukatwa au kuyeyushwa kwa dawa. Utafiti wa homoni uliofanyika katika miongo ya karibuni, ukiwamo ule wa maabara za barani Afrika, unatoa maelezo tofauti: kinachoonekana kwenye ovari ni matokeo tu. Chanzo chake kimo katika mwenendo wa homoni, baadhi yao zikiwa hazionekani kabisa katika vipimo vya kawaida vya damu.

Hali hiyo hujulikana duniani kwa kifupi cha PCOS, yaani hali ya ovari zenye vivimbe vingi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Ni miongoni mwa sababu kuu za mwanamke kukosa kupevusha yai na, kwa hiyo, kuchelewa kupata ujauzito. Hata hivyo madhara yake hayaishii katika uzazi. Yanagusa sukari ya mwili, shinikizo la damu, ngozi, nywele na utulivu wa akili.

Vivimbe ambavyo si vivimbe

Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyo kando ya mji wa mimba. Kazi yake ni kuhifadhi mayai na kutengeneza homoni. Kila yai hukaa ndani ya kifuko kidogo kiitwacho folikuli, ambacho hujaa majimaji kadiri kinavyokua. Katika mzunguko wa kawaida wa hedhi folikuli kadhaa huanza kukua kwa pamoja, kisha moja huzitangulia nyingine, hufikia upana wa takriban milimita 20, hupasuka na kuliachia yai. Zilizobaki hunywea na kutoweka.

Kwa mwanamke mwenye PCOS, mara nyingi mbio hizo hazina mshindi. Folikuli huanza kukua, lakini zikifikia milimita chache husimama. Haipatikani ya kupasuka, na yai halitoki. Folikuli hizo changa hujikusanya pembezoni mwa ovari, na kwenye kioo cha ultrasaundi huonekana kama shanga nyeusi zilizotungwa katika mkufu. Hivyo ndivyo "vivimbe" vinavyotajwa: kila kimoja ni folikuli yenye upana wa kati ya milimita 2 na 9 iliyokatishwa safari yake.

Uvimbe halisi wa maji kwenye ovari ni jambo jingine. Kwa kawaida huwa mmoja, upana wake hupita sentimita 3, na wengi wa aina hiyo kwa wanawake wa umri wa kuzaa hutoweka wenyewe baada ya wiki au miezi michache. Baadhi husababisha maumivu makali kwa kupasuka au kwa kuisokota ovari, na hapo upasuaji unaweza kuhitajika haraka. Mtu anayechanganya hali hizi mbili anaweza kukimbilia upasuaji usiohitajika, au kupuuza maumivu yanayohitaji tiba ya dharura. Kwa hiyo mwanamke aliyeambiwa kwamba ana vivimbe ana haki ya kuuliza ni vya aina gani, vina ukubwa gani na viko vingapi.

Kutoka Chicago mwaka 1935

Mkanganyiko wa jina una historia yake. Mwaka 1935 madaktari wawili wa mjini Chicago, Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, walichapisha taarifa kuhusu wanawake saba ambao hedhi zao zilikuwa zimepotea au kuvurugika na ovari zao zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Baadhi yao walikuwa na nywele nyingi usoni na mwilini. Madaktari hao walikata kipande cha kila ovari. Wanawake wote saba walirejea kupata hedhi, na wawili wakapata ujauzito.

Matokeo hayo yaliwafanya matabibu wa wakati huo waamini kwamba ugonjwa umo ndani ya ovari na kwamba kisu ndicho tiba yake. Kwa miongo kadhaa hali hiyo iliitwa kwa majina ya madaktari hao wawili. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kupima kwa usahihi homoni zilizokuwa zikizunguka katika damu ya wagonjwa wale. Lililoonekana kwa macho lilipewa jina, na jina likadumu hata baada ya maarifa kubadilika.

Leo utambuzi wa PCOS hauegemei picha peke yake. Kwa mujibu wa vigezo vilivyokubaliwa katika mkutano wa wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, mwanamke huhesabiwa kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo ya kawaida inayoashiria kwamba yai halipevuki, dalili au vipimo vinavyoonyesha wingi wa androjeni, na ovari zenye folikuli nyingi changa. Kabla ya hapo daktari hana budi kuhakikisha kwamba hakuna maradhi mengine yanayofanana nayo, kama vile ya tezi ya shingo au ya kuzidi kwa homoni ya maziwa. Kwa vigezo hivyo, mwanamke mzima ambaye hedhi yake imevurugika na ambaye ana dalili za androjeni kuzidi anaweza kutambuliwa kuwa na PCOS bila hata kupimwa kwa ultrasaundi.

Homoni zinazoitwa za kiume

Androjeni ni kundi la homoni ambazo watu wamezoea kuziita za kiume, testosteroni ikiwa mashuhuri kuliko zote. Jina hilo linapotosha. Kila mwanamke mwenye afya hutengeneza androjeni, ingawa kwa kiwango kidogo kuliko mwanamume, na estrojeni yenyewe, homoni inayohesabiwa kuwa ya kike, hutengenezwa mwilini kutokana na androjeni. Kinacholeta shida ni wingi wake.

Androjeni zinapozidi, nywele nene huota kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au tumboni. Ngozi hupata chunusi zisizokwisha hata baada ya ujana, na nywele za utosini huweza kupungua. Ndani ya ovari, wingi huo huvuruga ukuaji wa folikuli. Mwanamke anayepata dalili hizi hajageuka mwanamume na wala uanamke wake haujapungua. Anachokiona katika kioo ni alama ya nje ya shughuli ya kemia inayoendelea ndani.

Androjeni hizo hutoka wapi? Maelezo yaliyozoeleka katika vitabu vya tiba ni kwamba takriban robo ya testosteroni ya mwanamke hutengenezwa na ovari, robo nyingine na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na nusu iliyobaki haitoki katika tezi yoyote moja kwa moja. Hutengenezwa katika mafuta, ngozi na viungo vingine, kwa kugeuza homoni dhaifu kuwa zenye nguvu. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kemikali mwilini.

Kila kinachopatikana homoni inapogeuzwa na mwili huitwa metaboliti. Baadhi ya metaboliti ni mabaki yasiyo na kazi, ambayo hutolewa kwa mkojo. Nyingine ni homoni mpya zenye nguvu sawa na ile ya awali au kuizidi. Utafiti wa metaboliti za androjeni ndio ulioanza kuonyesha kwamba wanawake wengi wenye PCOS walikuwa wakipimwa kitu kimoja ilhali tatizo lao linahusu vingi.

Ushahidi uliomo katika mkojo

Njia mojawapo ya kufuatilia safari ya homoni ni kukusanya mkojo wote wa saa 24 na kupima mabaki yaliyomo. Damu humwonyesha daktari hali ilivyo katika dakika ile iliyochotwa, bali mkojo wa siku nzima humwonyesha hesabu ya mchana na usiku. Kwa kulinganisha mabaki mawili, androsteroni na etiokolanoloni, watafiti wanaweza kujua ni njia gani ya kemia ambayo mwili umeitumia zaidi.

Mwaka 1990 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliotumia njia hiyo kwa wanawake wenye PCOS. Ulionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-riduktesi, kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, kilikuwa kikifanya kazi kupita kiasi. Kimeng'enya hichohicho huvunja pia kotisoli, homoni ambayo mwili huihitaji kila siku ili kukabiliana na misukosuko. Kotisoli inapovunjwa haraka, ubongo huziamuru tezi za adrenali ziongeze kasi ya kuitengeneza ili kuziba pengo. Adrenali zikiongeza kasi, androjeni nazo huongezeka, kwa kuwa hutengenezwa katika tezi hizohizo.

Maelezo hayo yalifungua mlango mpya wa kuitazama PCOS. Yalionyesha kwamba chanzo cha homoni kuzidi kinaweza kuwa pia nje ya ovari, katika viungo ambavyo daktari wa wanawake hana mazoea ya kuvichunguza.

Homoni ya samaki katika damu ya binadamu

Sehemu ya kushangaza zaidi ya habari hii inahusu homoni iitwayo 11-ketotestosteroni. Mwaka 1960 watafiti waliitenga katika damu ya samaki aina ya salmoni, na kwa miaka mingi ilifahamika hasa kuwa androjeni kuu ya samaki dume. Wachache walidhani kwamba ingekuwa na umuhimu wowote kwa binadamu.

Mtazamo huo ulibadilika kwa mchango mkubwa wa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, miongoni mwao Amanda Swart na Karl Storbeck. Shabaha yao ya awali haikuwa wanawake. Walikuwa wakichunguza homoni zinazoweza kuchochea saratani ya tezi dume hata baada ya mgonjwa kuzuiwa testosteroni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 walionyesha kwamba androjeni zitokanazo na adrenali, ambazo zilikuwa zikidharauliwa kwa kudhaniwa kuwa dhaifu, zinaweza kugeuzwa kuwa homoni zenye uwezo wa kuziamsha seli kama testosteroni inavyofanya.

Safari ya homoni hizo ina vituo vitatu. Kwanza, tezi za adrenali hutengeneza homoni dhaifu. Pili, homoni hiyo hupita kwenye figo, ambako kimeng'enya huibadilisha umbo. Tatu, hufika katika mafuta ya mwili, ambako kimeng'enya kingine, kijulikanacho kwa kifupi cha AKR1C3, huigeuza kuwa 11-ketotestosteroni. Katika vituo vyote hivyo vitatu, ovari haimo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wakishirikiana na Storbeck wa Stellenbosch, walipima kundi hilo la homoni katika damu ya wanawake 114 wenye PCOS na wengine 49 wasio nayo. Waligundua kwamba kwa wanawake wenye PCOS kundi hilo lilikuwa zaidi ya nusu ya androjeni zote zilizokuwa zikizunguka mwilini. Viwango vyake viliendana pia na dalili za insulini kushindwa kufanya kazi vyema. Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, ulionyesha mwaka 2019 kwamba homoni hizi hazipungui kwa umri kama zinavyopungua androjeni nyingine za mwanamke.

Haya hayamaanishi kwamba ovari haina hatia. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, ovari hutengeneza androjeni nyingi kuliko inavyopasa. Lakini haifanyi hivyo peke yake: adrenali, figo, mafuta, ini na ubongo vyote vina sehemu yake.

Gurudumu la insulini

Kiungo kinachoyafunga mambo haya pamoja ni insulini, homoni inayoziwezesha seli kuitumia sukari. Kwa wanawake wengi wenye PCOS seli huitikia insulini kwa uzito. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike, na wingi huo una gharama.

Gharama ya kwanza ni kwamba insulini nyingi huichochea ovari kutengeneza androjeni. Ya pili ni kwamba huliagiza ini lipunguze protini inayozibeba homoni hizo katika damu. Protini hiyo ikipungua, sehemu kubwa zaidi ya testosteroni hubaki huru na kuweza kufanya kazi. Ya tatu iligunduliwa katika tafiti za Birmingham: insulini hukiongezea nguvu kile kimeng'enya cha AKR1C3 kilichomo katika mafuta, kikazalisha androjeni zaidi. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba androjeni hizo nazo hulifanya tishu la mafuta lijilimbikizie akiba zaidi, jambo linalozidi kuidhoofisha kazi ya insulini.

Hapo gurudumu hujizungusha lenyewe. Insulini huongeza androjeni, na androjeni huongeza haja ya insulini. Ndiyo sababu mwanamke mwenye PCOS anaweza kuhangaika na uzito kuliko jirani yake anayekula chakula kilekile. Kumwambia kwamba ni mvivu au mlafi ni kuuongezea ugonjwa tusi. Na ni muhimu kufahamu kwamba PCOS huwapata pia wanawake wembamba, ambao mara nyingi huchelewa kutambuliwa kwa sababu hawafanani na picha ya mgonjwa iliyozoeleka.

Gurudumu hilohilo ndilo linaloifanya PCOS kuwa suala la maisha yote. Hatari ya kisukari cha aina ya pili huongezeka, na wataalamu wanashauri sukari ipimwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea hali ya mtu. Shinikizo la damu na mafuta ya damu yahitaji kuangaliwa. Hedhi inapokosekana kwa muda mrefu, ukuta wa mji wa mimba hubaki ukichochewa na estrojeni bila kumomonyoka, na hatari ya saratani ya ukuta huo huongezeka, ingawa kwa mwanamke mmoja mmoja uwezekano wa kuipata bado ni mdogo. Huzuni na wasiwasi wa kupindukia pia huonekana zaidi kwa wanawake hawa.

Kwa nini kipimo kinaweza kusema "hakuna tatizo"

Matokeo ya tafiti hizi yanaeleza jambo ambalo wanawake wengi hulilalamikia: dalili zinaonekana wazi, lakini karatasi ya maabara inasema testosteroni ni ya kawaida. Sababu ziko zaidi ya moja.

Mosi, njia ya bei nafuu inayotumika katika maabara nyingi iliundwa kupima viwango vya juu, kama vya wanaume. Kwa viwango vidogo vya wanawake hukosea mara kwa mara, kwa kuwa huzichanganya homoni zinazofanana kwa umbo. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unapendekeza mashine zinazopima uzito wa molekuli, ambazo huitambua kila homoni kwa uhakika zaidi. Mashine hizo ni ghali na haziko katika hospitali nyingi.

Pili, vidonge vya kupanga uzazi hubadili viwango vya homoni. Mwanamke anayevitumia anaweza kupata majibu yasiyo sahihi, na wataalamu hushauri kipimo cha androjeni kifanyike baada ya kuviacha kwa angalau miezi mitatu, akitumia njia nyingine ya kuzuia mimba katika kipindi hicho.

Tatu, testosteroni si androjeni pekee. Mwongozo wa 2023 unashauri kuanza na testosteroni ya jumla na ile iliyo huru, kisha, ikionekana haijazidi, daktari aweza kufikiria kupima androjeni nyingine mbili za kawaida. 11-ketotestosteroni bado haimo katika vipimo vinavyoshauriwa kwa kila mgonjwa. Inabaki kuwa chombo cha watafiti hadi ithibitike kwamba kuijua kunabadili tiba. Kwa sababu hiyo, mtu anayeuziwa kifurushi cha vipimo vingi vya homoni kwa bei kubwa ana haki ya kuuliza majibu yake yatabadili nini katika matibabu.

Kwa wasichana, tahadhari ni kubwa zaidi. Hedhi isiyotabirika na folikuli nyingi ni mambo ya kawaida katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo. Mwongozo huo unaelekeza kwamba ultrasaundi isitumike kutambua PCOS kabla hujapita muda wa miaka minane tangu hedhi ya kwanza.

Hali katika nchi jirani

Katika nchi jirani ya Tanzania, utafiti uliofanywa katika hospitali ya rufaa na kuchapishwa mwaka 2009 uliwachunguza wanawake waliokuwa wakitafuta matibabu ya kukosa ujauzito. Takriban theluthi moja yao walikutwa na PCOS. Takwimu hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ya wanawake wote, kwa kuwa waliochunguzwa ni wale waliokuwa tayari na shida ya uzazi, lakini inatosha kuonyesha kwamba huu si ugonjwa wa nchi tajiri pekee.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, mwanamke asiyepata mtoto ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Huitwa mgumba kabla hajapimwa, na mumewe huenda asipimwe kabisa, ingawa WHO inaeleza kwamba kasoro za uzazi hutoka pia kwa wanaume. Katika mazingira hayo biashara ya dawa zinazodaiwa "kusafisha kizazi" na "kuyeyusha uvimbe" hustawi, redioni, mitaani na katika mitandao ya kijamii.

Hapo ndipo maana ya utafiti huu inapomgusa mtu wa kawaida. Maadamu folikuli hizo si uvimbe, hakuna cha kuyeyusha. Dawa ya kunywa au ya kuweka ukeni inayoahidi kuziondoa inaahidi kuondoa kivuli na kumwacha mwenye kivuli amesimama. Baadhi ya michanganyiko hiyo haijulikani ina nini, na yaweza kudhuru ini, figo au mji wa mimba. Hasara nyingine ni wakati: miezi na miaka inayopotea ni ile ambayo mwanamke angeweza kupata tiba inayojulikana.

Tiba iliyopo

PCOS haina dawa ya kuimaliza moja kwa moja, lakini ina tiba zinazoidhibiti, na nyingi zinapatikana. Msingi wake ni chakula bora na mazoezi. Hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuwa bora kuliko mingine, na faida za mazoezi kwa insulini huonekana hata uzito usipopungua.

Kwa mwanamke asiyetafuta ujauzito, vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili huweza kurekebisha hedhi, kuulinda ukuta wa mji wa mimba na kupunguza nywele na chunusi. Havimfai kila mtu, hasa mwenye shinikizo la juu la damu au aliyewahi kupata damu kuganda mishipani, hivyo havinunuliwi kwa kubahatisha. Metformini, dawa ya kisukari inayojulikana sana, husaidia upande wa insulini.

Kwa anayetaka mtoto, dawa inayopendekezwa kwanza ni letrozoli, ambayo humezwa kwa siku chache za mwanzo wa mzunguko ili kuisaidia folikuli moja ikue hadi kupasuka. Utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 750 na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, dawa ya zamani zaidi. Hiyo ni baada ya mizunguko isiyozidi mitano ya matibabu. Upasuaji haumo tena katika hatua ya kwanza.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kutopevusha yai kila mwezi si sawa na kutopevusha kabisa. Mwanamke mwenye PCOS anaweza kushika mimba bila kutarajia, na asiyetaka mimba bado anahitaji kinga.

Jina lililopendekezwa libadilishwe

Mwaka 2012 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kwamba jina la PCOS libadilishwe, kwa sababu linaelekeza macho kwenye ovari na kuficha upande wa homoni na sukari. Hoja yao ni kwamba jina huamua mgonjwa apelekwe kwa nani na apimwe nini. Anayeambiwa ana vivimbe hutafuta mtu wa kuvitoa. Anayeambiwa kwamba homoni na insulini zake zimepoteza mizani hupimwa sukari na shinikizo la damu, na hufuatiliwa kwa miaka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanamke mzima ambaye hedhi yake huja kwa kupishana zaidi ya siku 35 au chini ya siku 21, au huja mara zisizofika nane kwa mwaka, ana sababu ya kumwona mhudumu wa afya, hata kama hana haja ya mtoto kwa sasa. Hedhi iliyokosekana kwa zaidi ya siku 90 bila ujauzito haifai kupuuzwa. Nywele nene zinazoota usoni kwa kasi ndani ya miezi michache, au sauti kuanza kuwa nzito, zinahitaji uchunguzi wa haraka, kwa kuwa huenda zikawa dalili ya uvimbe unaotengeneza homoni. Maumivu makali ya ghafla chini ya kitovu ni dharura ya hospitali.

Anapofika huko, karatasi ya ultrasaundi isiwe mwisho wa mazungumzo. Maswali matatu yanaweza kumsaidia: je, sukari yangu imepimwa? Je, shinikizo langu la damu likoje? Na je, ukuta wa mji wangu wa mimba unalindwa vipi iwapo hedhi haiji? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko idadi ya shanga nyeusi zilizoonekana katika picha.